Korona na Milango ya Majirani

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona haukuwa tena dharura ya afya ya kimataifa. Katika nchi za Afrika Mashariki tangazo hilo lilipokelewa kimya kimya. Matatu za Nairobi zilikuwa zimekwisha kurudia desturi yao ya kujaza abiria, bodaboda za Kampala zilikuwa zikipenya baina ya magari kama zamani, na katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, mtu aliyevaa barakoa alitazamwa kama mtu anayeumwa jino.

Ukimya huo una sababu zake. Kila nchi ya eneo hili ina jambo ililolitenda katika miaka mitatu ile ambalo isingependa kuulizwa na jirani yake. Na maswali yenyewe hayajazeeka, kwa kuwa maradhi mengine ya virusi yamekwisha kubisha hodi katika milango ile ile tangu wakati huo.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020. Siku ya pili yake alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa Rwanda. Tarehe 16 wa Tanzania, huko Arusha. Tarehe 21 wa Uganda. Na tarehe 31 wa Burundi. Sudan ya Kusini ilifuata tarehe 5 Aprili. Kwa hiyo katika muda wa siku ishirini na tatu nchi zote sita zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo zilikuwa zimeingiliwa. Jumuiya hiyo ilikuwa imefufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na tangu mwaka 2010 ilikuwa na itifaki ya soko la pamoja yenye kuahidi kwamba watu na bidhaa watapita mipakani pasipo kizuizi kisicho cha lazima. Ilitazamiwa basi kwamba nchi sita zenye mkataba mmoja zingekaa kitako na kutoa jibu moja. Majibu yaliyotoka yalikuwa sita.

Kenya ilifunga shule na kuzuia mikutano, na ilipofika Ijumaa ya tarehe 27 Machi ikaanza kutekeleza amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Yaliyotokea jioni ile ya kwanza katika kivuko cha Likoni, Mombasa, yanafaa kukumbukwa. Maelfu ya wafanyakazi waliokuwa wakirejea makwao walijazana kando ya bahari wakiwania kuvuka kabla ya saa moja. Polisi wakawatupia mabomu ya machozi na kuwapiga virungu. Amri iliyotungwa ili watu wasisongamane ndiyo iliyowasonga, na moshi ukawafanya wakohoe na kufuta nyuso zao kwa mikono ile ile waliyokuwa wameambiwa wasiguse nayo uso. Usiku wa tarehe 30 Machi mvulana wa miaka kumi na mitatu aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa katika roshani ya nyumba yao jijini Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi wananchi kwa mabavu yaliyotumika katika siku za mwanzo za amri hiyo. Hata hivyo amri yenyewe iliendelea kwa muda wa mwaka mmoja na nusu na ushei, hadi Rais huyo alipoiondoa katika sherehe za Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021.

Haifai kusema kwamba Wakenya waliitii au waliikaidi, kwa maana walifanya yote mawili. Matatu ya watu kumi na wanne iliagizwa ibebe wanane, na nauli ikapanda. Katika mitaa ya Mathare na Kibera watu waliambiwa wanawe mikono mara kwa mara kwa maji ambayo huyanunua kwa mtungi. Na penye dhiki hapakukosekana werevu: mvulana mmoja wa miaka tisa, wa kaunti ya Bungoma, aliunda kwa mbao na misumari chombo cha kunawia mikono ambacho mtu hukiendesha kwa mguu pasipo kukigusa, naye akatunukiwa nishani ya Rais mwezi wa Juni 2020. Miezi miwili tu baadaye watu waliandamana Nairobi kwa jambo lililo kinyume kabisa na hilo, yaani habari za ununuzi wa vifaa vya kujikingia uliofanywa na mamlaka ya serikali inayosambaza dawa. Vifaa vya mabilioni ya shilingi vilikuwa vimenunuliwa kwa bei za kuruka kutoka kwa makampuni mengine yasiyojulikana, na wananchi wakapata msemo wa kuwataja waliofaidika: mamilionea wa Korona.

Uganda ilikaza zaidi. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, hata kabla ya mgonjwa wa kwanza kupatikana. Vyombo vya usafiri wa umma vilisimamishwa, kisha na magari ya watu binafsi. Waendesha bodaboda waliruhusiwa kubeba mizigo lakini si binadamu, na hali hiyo ilidumu hadi tarehe 27 Julai. Kwa majuma kadhaa hata mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa alihitaji kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani ndipo apandishwe gari kwenda hospitali. Baada ya akina mama kufa njiani na majumbani, Rais Yoweri Museveni aliondoa sharti hilo. Rais huyo alikuwa akizungumza na taifa kwa runinga mara kwa mara, na mwezi wa Aprili alionekana akifanya mazoezi ya viungo ofisini kwake, pekupeku, ili kuwaonyesha wananchi kwamba mtu aweza kuutunza mwili wake bila ya kutoka nje. Serikali iligawa unga wa posho na maharage kwa watu wa Kampala na Wakiso waliokuwa wakiishi kwa kibarua cha kutwa. Mpango huo ulikuwa mwema, ingawa foleni zilikuwa ndefu na wengi walilalamika kwamba mgao haukuwafikia.

Uganda ilikuwa na vifo vichache mno katika miezi ile. Kifo chake cha kwanza kilitangazwa Julai 2020, miezi minne baada ya ugonjwa kuingia. Mtu akitazama hesabu hiyo peke yake atasema kwamba ukali ulizaa matunda. Lakini kuna hesabu nyingine. Shule za Uganda zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Ukiacha vipindi vifupi ambapo baadhi ya madarasa yaliitwa, zilikuwa zimefungwa kwa muda wa karibu miaka miwili, na hakuna nchi duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko huo. Walimu wa shule za binafsi, ambao hawakuwa na mshahara wa serikali, waliingia katika kufyatua matofali, kuuza maandazi na kulima. Mtoto aliyekuwa darasa la tano alirudi akiwa na kimo cha mtu mzima, na wengine hawakurudi: wavulana walikuwa wamezoea fedha za vibarua na wasichana wengi walikuwa wamekwisha kuwa na watoto mgongoni. Hasara ya namna hiyo haionekani katika taarifa ya wizara ya afya ya kila jioni.

Aidha, sheria za afya ziliingia katika siasa. Mgombea wa upinzani, Robert Kyagulanyi, anayejulikana kwa jina la Bobi Wine, alikamatwa Novemba 2020 kwa madai ya kukusanya watu wengi kuliko kiasi kilichoruhusiwa. Ghasia zilizofuata ziliua watu wasiopungua 54, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Katika siku mbili au tatu hizo risasi ziliua Waganda wengi kuliko ugonjwa ulioleta sheria.

Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Kusini mwa Sahara kuwafungia watu wake majumbani, kuanzia tarehe 21 Machi 2020. Nchi hiyo ilikuwa na mazoezi. Tangu Agosti 2018 homa ya Ebola ilikuwa ikiwaka ng'ambo ya mpaka wake, katika Kivu Kaskazini na Ituri nchini Kongo, na kabla haijatangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Kwa sababu hiyo mabeseni ya kunawia yalikuwa jambo la kawaida katika mpaka wa Goma na Gisenyi, na mwezi wa Machi 2020 Kigali iliyaweka katika vituo vya mabasi kabla ya kupata mgonjwa hata mmoja. Wataalamu wake walitumia njia ya kuchanganya sampuli za watu wengi katika kipimo kimoja, ili wapime wengi kwa gharama ndogo. Mchanganyiko ukionyesha ugonjwa ndipo hurudi na kupima mmoja mmoja. Mwezi wa Mei yalitolewa maroboti matano ya kuwapima joto wagonjwa na kuwapelekea mahitaji, na picha zake zilizunguka dunia nzima. Picha za viwanja vya michezo hazikuzunguka sana. Humo watu waliovunja amri ya kutotoka nje waliketishwa usiku kucha katika majani, mbalimbali, wakifundishwa juu ya ugonjwa kwa vipaza sauti hadi asubuhi.

Burundi na Tanzania zilishika njia nyingine. Burundi ilikuwa katika uchaguzi mkuu wa tarehe 20 Mei 2020 na mikutano ya kampeni ilifurika watu. Juma moja kabla ya kura, serikali iliwafukuza mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wenzake watatu. Tarehe 8 Juni Rais Pierre Nkurunziza alifariki dunia ghafula; serikali ilieleza kwamba moyo ulisimama. Mrithi wake, Jenerali Evariste Ndayishimiye, aliapishwa siku kumi baadaye, na tarehe 30 Juni aliwatangazia Warundi kwamba Korona ndiyo adui mkubwa wa taifa. Hatua yake ya kwanza haikuwa kuwafungia watu bali kupunguza bei ya sabuni kwa nusu. Katika amri zote zilizotolewa katika eneo hili mwaka ule, hiyo ilistahili kuigwa kuliko ilivyoigwa.

Tanzania ilifunga shule kuanzia tarehe 17 Machi na kuzifungua zote tena mwishoni mwa Juni, lakini haikuwafungia watu wake majumbani. Masoko, makanisa na misikiti havikufungwa. Hoja ya Rais John Magufuli ilikuwa kwamba mtu anayekula alichokipata leo hawezi kuambiwa akae ndani mwezi mzima, na hoja hiyo ina uzito. Mama aliyeketi Kampala akingoja mgao wa posho asingeibishia. Tatizo lilikuwa jingine. Mapema mwezi wa Mei 2020 Rais alitangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa kwa siri katika maabara ya taifa zilirudi na majibu ya kuwa na ugonjwa. Mkuu wa maabara alisimamishwa kazi. Hesabu ya taifa ilikuwa imeishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na haikutangazwa tena kwa muda wa zaidi ya mwaka. Mwezi wa Juni ilielezwa kwamba maombi ya wananchi yalikuwa yameushinda ugonjwa.

Jirani asipotaja hesabu yake, jirani mwenziwe huhesabu kwa hofu. Hapo ndipo anapoingia dereva wa lori, ambaye habari za Korona katika Afrika Mashariki haziwezi kuelezwa pasipo yeye.

Ugonjwa huu uliingia katika nchi hizi kwa ndege. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitoka Marekani kwa kupitia London. Wa Rwanda alitoka Mumbai, India. Wa Tanzania alitoka Ubelgiji. Wa Uganda alitoka Dubai. Lakini viwanja vya ndege vilipofungwa hapakubaki mwingine wa kupimwa ila dereva. Mizigo haikuweza kusimama. Mafuta, dawa, ngano na chumvi za Uganda na Rwanda hupanda kutoka Mombasa kwa kupitia Malaba na Busia, au kutoka Dar es Salaam kwa kupitia Rusumo na Mutukula. Serikali zikakubaliana kwamba mizigo ipite, na hazikukubaliana jinsi mtu aliyeishika usukani atakavyopita.

Huko Malaba sampuli zilichukuliwa puani na kupelekwa maabara ya virusi ya Entebbe, safari ya mamia ya kilomita, kisha majibu yakangojwa. Malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Madereva walilala chini ya magari yao, wakipika kwa majiko ya mkaa kando ya barabara, pasipo vyoo wala maji, wakisubiri kuthibitishiwa kwamba hawana ugonjwa ambao foleni yenyewe ilikuwa mahali pazuri pa kuupatia. Aliyepimwa Mombasa na kupewa cheti alipimwa tena Malaba. Rwanda iliagiza mwishoni mwa Aprili kwamba dereva mgeni amkabidhi lori dereva wa Kinyarwanda pale Rusumo, au mzigo ushushwe. Madereva wa Tanzania waligoma, kwa sababu dereva ndiye anayeulizwa na tajiri wake lori likirudi limevunjika kioo au limepungua mafuta. Makubaliano yalipatikana katikati ya Mei.

Kwa kuwa madereva walipimwa kwa wingi na raia wa kawaida kwa uchache, ilikuwa lazima wagonjwa waonekane wengi miongoni mwa madereva. Hilo ni jambo la hesabu tu: panapochimbwa ndipo maji hupatikana. Lakini katika taarifa za kila siku lilisomeka kama kwamba ugonjwa ni wa madereva. Mwezi wa Mei Rais Museveni aliagiza kwamba madereva wageni waliopatikana na ugonjwa waondolewe katika hesabu ya Uganda na warudishwe kwao. Kenya nayo ilikuwa ikitangaza idadi ya madereva wa Tanzania waliorudishwa Namanga. Hivyo dereva aliyekutwa na virusi mpakani angeweza kukataliwa na hesabu ya nchi alikopimwa na asiandikwe katika hesabu ya nchi alikotoka. Alikuwa mgonjwa asiye na taifa. Katika miji midogo ya njiani, ambako kwa miaka mingi wauza chakula na wenye nyumba za wageni walimwita kwa jina na kumwekea nyama, alianza kufungiwa milango.

Tarehe 12 Mei 2020 wakuu wa nchi za Jumuiya walizungumza kwa njia ya video chini ya uenyekiti wa Rais Paul Kagame. Walikuwapo Marais wa Kenya, Uganda na Sudan ya Kusini. Tanzania na Burundi hazikushiriki. Siku nne baadaye Rais Kenyatta alitangaza kufungwa kwa mpaka wa Kenya na Tanzania, pamoja na ule wa Somalia, isipokuwa kwa malori ya mizigo ambayo madereva wake wamepimwa. Wakuu wa mikoa ya mpakani upande wa Tanzania walijibu kwa kuyazuia malori ya Kenya, na madereva waliosemekana Namanga kuwa wagonjwa walipimwa upya Tanzania na kutangazwa wazima. Kwa siku kadhaa nyanya na vitunguu vilioza barabarani. Marais hao wawili wakapigiana simu, na mawaziri wa uchukuzi wakakutana Namanga.

Moto huo haujapoa ukawashwa mwingine. Kenya ilipofungua anga zake tarehe 1 Agosti 2020 ilitoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawatawekwa karantini, na Tanzania haikuwamo. Tanzania ikalifutia kibali shirika la ndege la Kenya, na baadaye makampuni mengine madogo matatu ya nchi hiyo. Marufuku hiyo iliondolewa tarehe 16 Septemba, Kenya ilipoiongeza Tanzania katika orodha. Mtu aweza kuuliza ni nini kilichokuwa kimebadilika katika afya ya Watanzania kati ya Agosti na Septemba. Hakuna takwimu iliyokuwa imetangazwa.

Watu wa kawaida, kwa upande wao, waliushughulikia ugonjwa kwanza kwa kuupa majina. Barakoa, ambayo katika pwani hii na huko Omani lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha mwanamke, ikawa vazi la kila mtu. Katika Tanzania kupiga nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, kukawa dawa ya nyumba kwa nyumba, na tangawizi na malimau yakapanda bei. Mwanzoni mwa mwaka 2021, watu mashuhuri walipoanza kufa mmoja baada ya mwingine, matangazo ya misiba yalisema marehemu alikuwa na changamoto ya kupumua. Maneno hayo hayakuwa uongo, wala hayakuwa ukweli wote. Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza waziwazi kwamba ana Korona, alifariki tarehe 17 Februari. Kutangaza huko kulikuwa tendo la ushujaa kwa wakati wake. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 17 Machi 2021, akafariki Rais Magufuli. Taarifa ya serikali ilitaja maradhi ya moyo.

Watu wa Kagera na wenzao wa Rakai, ng'ambo ya mpaka, hawakuhitaji kufundishwa jinsi ugonjwa unavyofichwa kwa jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 UKIMWI ulipoanza kuwamaliza, upande wa Kagera uliitwa Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikitoka Uganda kwa biashara ya mpakani, na upande wa Uganda ukaitwa ugonjwa wa kukonda. Wakati ule pia kila upande uliamini kwamba umeletewa na wenzake. Uganda ndiyo iliyotangulia kusema wazi, mwaka 1986, na kusema huko wazi kuliisaidia kuliko kitu kingine chochote kilichopatikana wakati dawa hazijakuwapo.

Chanjo ilipofika, Machi 2021, zamu ilikuwa ya majirani wote kutazama nje. Kenya, Rwanda na Uganda zilipokea shehena zao za kwanza katika juma moja au mawili ya mwezi huo kwa mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Kabla watu hawajapata sindano ya pili, India, ambako chanjo hizo zilikuwa zikitengenezwa, ilikumbwa na wimbi kubwa la ugonjwa na ikazuia zisitoke nchini. Mataifa tajiri yalikuwa yamekwisha kununua nyingi kuliko idadi ya watu wao. Kongo ilikuwa na shida ya upande wa pili: ilipokea dozi milioni 1.7, watu wakazikwepa, na karibu milioni 1.3 zikarudishwa zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Rais Félix Tshisekedi mwenyewe alieleza kwamba alikuwa na mashaka na chanjo ile, na alidungwa ya aina nyingine mwezi wa Septemba. Wakongo wa mashariki walikuwa na sababu zao za kutoamini: katika miaka ya Ebola walikuwa wamewaona watu wa misaada wakija na magari mengi kwa ajili ya ugonjwa mmoja, huku vita, surua na malaria vikiendelea kuwaua pasipo mtu kuja. Daktari mmoja wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo, Aprili 2019, katika hasira na siasa za wakati huo.

Tanzania ilibadili mwendo chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Alikwenda Uganda mwezi wa Aprili 2021 akiwa amevaa barakoa, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa habari kubwa kuliko mkataba wa bomba la mafuta uliompeleka. Mwezi uliofuata alikwenda Nairobi. Tarehe 28 Julai alidungwa chanjo mbele ya wananchi, Ikulu, Dar es Salaam, nchi ikiwa imepokea zaidi ya dozi milioni moja. Burundi ilianza kuchanja mwezi wa Oktoba, miongoni mwa nchi za mwisho kabisa duniani.

Leo vitabu vinaonyesha kwamba Korona iliua watu zaidi ya 5,600 nchini Kenya, zaidi ya 3,600 Uganda, zaidi ya 1,400 Rwanda na 846 Tanzania. Nani aliyepatia? Takwimu hizi haziwezi kutoa hukumu hiyo, kwa kuwa nchi iliyopima sana iliandika vifo vingi na iliyopima kidogo iliandika vichache, na Tanzania ni kubwa kwa watu kuliko jirani zake hao watatu. Linaloweza kusemwa ni kwamba vijana ni wengi mno katika nchi zote hizi, na ugonjwa huu uliwapendelea wazee. Bahati hiyo haikutungwa na serikali yoyote.

Kuna mambo yaliyotengenezeka. Jumuiya iliunda mtambo wa simu unaobeba cheti cha dereva na kufuatilia njia yake, ili aliyepimwa upande mmoja aaminiwe na upande wa pili. Maabara za kuhamishika zilifika mipakani, na Malaba haikulazimika tena kungoja Entebbe. Rwanda ilipopatwa na homa ya Marburg Septemba 2024 iliitangaza mara moja. Waliougua walikuwa 66, wengi wao wahudumu wa hospitali, na waliofariki 15, nayo ikatangazwa kwisha tarehe 20 Desemba. Tanzania iliutangaza ugonjwa huo huo huko Kagera mwaka 2023, na tena mwezi wa Januari 2025.

Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa homa ya nyani, ambayo majuma mawili baadaye ilifanywa dharura ya dunia. Alipatikana katika kituo cha mpakani cha Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda, naye alikuwa akipita Kenya ili aingie Tanzania. Nchi nne zilikuwa katika tikiti ya mtu mmoja. Safari hii mpaka haukufungwa.